Mshale Usiotulia

Wifi yangu huandika majina ya watu juu ya keki. Ndiyo kazi yake, na mtu asikudanganye kwamba ni kazi ndogo. Jaribu wewe kuandika kwa krimu inayoyeyuka huku mwenye sherehe amesimama mlangoni anatazama saa. Mkono wake wa kulia umesomesha watoto na kuezeka nyumba tunayoishi sote, yeye chumba cha mbele, mimi na kaka yake vya nyuma. Kwa kuwa nimeolewa na kaka yake nina haki ya kumsema, naye ananisema. Chai yangu hajawahi kuisifia hata siku moja.

Jambo moja tu halitaniwi katika nyumba hii, nalo ni kutetemeka. Mama mkwe alianza na vidole, akaishia kulishwa uji kwa kijiko. Kisha ugonjwa huo ukamshika dada yao mkubwa, aliyekuwa mpiga chapa ofisini, ukamla mpaka tukamzika. Wamebaki wawili, mume wangu na wifi. Hakuna anayeuliza nani anafuata, ila kikombe kikigongana na sahani mezani, wote tunatazamana mikono.

Dada huyo marehemu alimwachia wifi kompyuta yake mpakato. Ilikaa kabatini imefunikwa kitambaa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifungua. Mwaka huu wateja wakaanza kutaka kuona mchoro wa keki kabla ya kuagiza, wifi akaitoa. Ikawaka vizuri. Kwenye kioo zikatokea faili za marehemu, na kati yao picha yake anacheka. Wifi akaweka kidole kwenye ile padi ya kugusa, chini ya herufi, akasogeza. Mshale haukwenda. Akakandamiza, ukajivuta kidogo kwa shida. Akagonga juu ya picha, kimya. Akagonga tena, kimya.

"Dada hataki niguse vitu vyake," akasema.

"Dada yako alikuwa mchoyo, lakini si kiasi hicho," nikamjibu. Hakucheka.

Nikamburuta kwa fundi wa kompyuta. Watu humwita Daktari, kwa sababu kila mashine kwake ni mgonjwa. Aliichezea kidogo, akafungua mipangilio, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Mgonjwa huyu ni mzima," akasema. "Kuna mtu alimpanga hivi makusudi. Kugonga kumezimwa, lazima ubonyeze kitufe. Mwendo wa mshale umeshushwa mpaka chini kabisa, na wepesi wa padi kuhisi kidole vilevile. Halafu vitufe vimegeuzwa, cha kulia kinafanya kazi ya cha kushoto. Aliyekuwa anaitumia alikuwa mtu wa mkono wa kushoto?"

"Hapana," wifi akasema.

Nilielewa palepale, na nadhani yeye pia. Marehemu alituambia habari za mkono wake wa kulia siku aliposhindwa kuuficha. Kumbe kabla ya hapo alikuwa ameshaacha kuutumia, anakaa peke yake ofisini akizima hiki na kushusha kile ili bosi wake asijue. Nikamkasirikia, Mungu anisamehe, kwa miezi yote ile aliyokaa mezani akituchekea na kutuambia hajambo.

"Weka kila kitu kama inavyotoka dukani," wifi akamwambia fundi, haraka haraka.

Akaweka. Tukairudisha nyumbani, na raha yetu ikaishia hapo. Wifi akigusa tu, mshale unaruka. Akitaka kufunga dirisha, linafunguka jingine. Akisogeza mchoro wa keki, unadondokea asikotaka. Alasiri moja nikiwa jikoni nikamsikia anaongea, nikadhani amepata mteja, nikaingia na chai. Alikuwa peke yake. Uso wa marehemu ulikuwa umejaa kioo kizima, unafunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga, na wifi anaubembeleza.

"Dada, basi. Niache nifanye kazi."

Mimi si mtu wa mizimu. Lakini niliweka sinia chini ili mikono yote miwili iwe huru, sijui nimpige nani. Tangu siku hiyo sikupita sebuleni peke yangu. Mume wangu akasema tuitupe, wifi akakataa, akasema mtu hatupwi. Akaendelea na keki zake, kiwiko amekiegemeza mezani. Alisema kiti ni kifupi.

Mara ya pili nilikwenda kwa Daktari nimefura. "Umeiharibu," nikamwambia, wifi yuko nyuma yangu.

Hakubisha. Aliifuta padi kwa kitambaa, maana mafuta ya keki huichanganya. Akachomoa chaja, maana chaja mbovu nayo hurusha mshale. Kisha akapitisha kidole. Mshale ukateleza, ukasimama alipotaka. Akagonga, picha ikafunguka mara moja, ikabaki wazi.

"Jaribu wewe, mama," akaniambia. Nikajaribu. Ikanitii, mimi ambaye hata simu huniona mshamba.

"Haya, dada. Na wewe."

Wifi akaweka kidole. Uso wa marehemu ukajifunga, ukafunguka, ukajifunga. Tulikuwa watatu pale mezani na hakuna aliyekuwa anatazama kioo. Kidole chake kilikuwa kinaipiga padi kidogo kidogo, upesi upesi, kama mvua inapoanza juu ya bati. Mwenyewe hakuwa anakihisi. Alipoona tunakitazama, akauondoa mkono, akaukalia.

Nilitaka kusema ni uchovu wa keki nyingi. Nilimwogopea yeye, nikamwogopea na mume wangu, nisijue nimlilie yupi kwanza.

"Nifanyeje, dada?" fundi akauliza taratibu.

"Irudishe alivyoiacha yeye."

Akazima kugonga. Akashusha mwendo wa mshale, akashusha na wepesi wa kuhisi. Wifi akautoa mkono, akaweka kidole tena. Mshale ukaenda polepole, umenyooka, mpaka kwenye picha ya dada yake, ukatulia. Akabonyeza kitufe. Picha ikafunguka, ikabaki imefunguka, na dada yake akawa anamchekea pale bila kuondoka.

"Na vitufe?" fundi akauliza. "Nivigeuze vya mkono wa kushoto, kama vilivyokuwa?"

Wifi akautazama mkono wake wa kulia.

"Bado," akasema.