Marhamu Isiyoacha Doa

"Wifi, weka mwiko chini! Ukikoroga tena nakutoa nje."

"Unitoe nyumba ya kaka yangu?"

"Nyumba ya kaka yako, jiko langu."

Mke wa fundi alilikumbatia bakuli utadhani kichanga kinachotaka kunyakuliwa. Ndani mlikuwa na marhamu ya mumewe, fundi cherehani, ambaye viganja vyake vilipasuka mpaka sindano ikawa adui. Marhamu yake ya zamani, ya mafuta, ilimponya, wala hakuna ubishi, ila kila nguo aliyoigusa iliota madoa. Bwana harusi mmoja alitoka na suti yenye viganja viwili mgongoni, wageni wakaapa kashikwa na jini. Basi fundi akasema: ipatikane dawa isiyo na mafuta, au cherehani iuzwe. Mnunuzi alishakuja kuikagua, na leo anarudi kuichukua.

Marhamu ya maji ya kwanza ilitoka madonge, kwa sababu mke aliumwaga unga wa kuifanya iwe nzito wote majini kwa pupa. Donge moja lilikaza mno hata kuku akalilalia akingoja kifaranga. Ya pili, wifi aliichapa mwiko ikajaa mapovu kama nguo za kufua.

Leo mke aliulowanisha unga kwa glisirini kwanza, akatia maji kidogo kidogo, kisha dawa, akaacha.

"Mbona imelala tu?" wifi akauliza.

"Inakunywa maji. Wewe ukinywa maji, nakukoroga?"

Wifi akacheka bila kutaka. Mke hakucheka. Maisha yake yote alijua kusugua, kutwanga, kuhimiza. Hakuna aliyemfundisha kuiacha kazi ijimalize. Mikono ilimwasha kwa kukosa la kufanya. Akachota kidogo, akapaka: laini, haina chenga, ikazama kwenye ngozi.

"Hata hivyo umechelewa," wifi akanong'ona. "Mnunuzi akifika, mimi nitamwambia nini? Nimwambie cherehani ime..."

Mlango ukafunguka. Fundi aliingia na kitambaa cheupe begani. Mke akamsogezea bakuli. Akachota, akajipaka taratibu katikati ya mipasuko, akangoja. Kisha akakitandaza kitambaa mezani, akakikandamiza kwa kiganja.

Akainua kiganja.

Wote watatu wakainama kutazama: cheupe vilevile, hakuna doa. Fundi akakikunja kitambaa, akaenda kwenye cherehani, akavuta kiti.