Sista Asiye wa Nyumba Yoyote

Zahanati yetu ilikuwa nje kidogo ya Sori, kando ya ziwa, imepakwa chokaa upande wa mbele tu kwa sababu chokaa yenyewe iliisha. Nilipelekwa huko miaka ya tisini, muuguzi wa kutoka Mombasa, na siku niliyofika mama mmoja aliyekuwa akianika omena, dagaa wa huko, aliniuliza kabla sijashusha sanduku: "Umeolewa kwa nani?" Nikamwambia sijaolewa. "Mama yako ni mtu wa wapi?" Wa Mombasa. "Uko na shangazi huku?" Sina. Akanitazama kidogo, akarudia omena zake. Sikujua kwamba hapo nilikuwa nimefanyiwa mtihani wote wa mahali pale, na nimefeli kila swali.

Mimi si mtu mpole. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilinyonyeshwa pilipili. Lakini upweke hauogopi ukali wa mtu. Nilikaa chumba cha nyuma ya zahanati na redio ya betri. Ramadhani nilifungua saumu kwa uji na viazi vitamu, nikiomba dua mwenyewe na kujiitikia "amina" mwenyewe. Watu hawakuniudhi, sina la kuwalaumu. Njiani waliniamkia vizuri, "Oyawore, Sista," kisha wakaendelea na Kijaluo chao na vicheko vyao, nami nikapita. Kuna siku zilikwisha bila mtu kuniambia neno lisilohusu homa au kuharisha.

Barazani benchi la mwisho lilikuwa la wazee waliopigana vita vya Wazungu kule Burma. Walikaa wima, mikono juu ya magoti, fimbo zimeegemezwa ukutani. Nasi tulikuwa na mtindo wetu: jina linaitwa dirishani kwa sauti, mwenye jina anaingia. Sasa mtu ambaye mizinga ilimziba masikio tangu ujana wake, unamwitaje dirishani? Kina mama wenye watoto walipita, wenye malaria walipita, wazee wamekaa vile vile wakingoja amri. Na hata wakiitwa kwa bahati wakasikia, hawakupenda kumpita mama mwenye mtoto. Tukifunga, waliinuka wakachukua fimbo zao wakaenda. Miezi ya kwanza mimi nilidhani wanakuja kupunga upepo!

Mmoja wao alikuwa mrefu kuliko wote, amevaa koti la kaki lisilo na vifungo. Yeye alikuwa akifika kwa daktari mara moja moja, na neno lake lilikuwa hilo hilo: "Goti." Daktari wetu, kijana wa Ndhiwa aliyekuwa msimamizi wa zahanati, alikuwa akimpa vidonge vya maumivu bila kumwambia asimame wala akunjue mguu. Niliona ni uvivu, nikameza maneno yangu.

Siku moja nikapita nyuma ya benchi na beseni la vyombo, nikapata harufu. Usaha wa ndani sana una harufu yake, na muuguzi akiijua haimtoki puani. Nikainama sikioni kwa mzee wa koti la kaki. "Mzee, goti gani hili linalonuka?" Kwa kuwa hasikii, nilisema kwa nguvu. Baraza zima likageuka. Mzee akaangalia ziwani, ambako magugumaji yalikuwa yamejaa hadi ufukweni.

Muuguzi msaidizi, mama wa hapo hapo kijijini, alinikamata mkono akanivuta mpaka stoo ya dawa.

"Sista, usimseme hivyo mbele ya watu. Hiyo si goti. Ni huku juu." Akagusa nyonga yake. "Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua, na hakuna aliyemwangalia?"

"Nitamwangalia aje? Mimi nimeolewa na mtoto wa ndugu yake. Huyo ni baba mkwe wangu. Daktari naye ameoa msichana wao. Hata huyu wa kufagia ni mtoto wa dada yake. Sasa nani atamtoa suruali?"

Nilifungua mdomo nimpe maneno. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilikuwa nayo ulimini tayari. Kisha nikamkumbuka baba yangu, ambaye asingefungua hata kifungo cha shati mbele ya mume wa dada yangu. Nikafunga mdomo.

"Kwa hivyo anangoja nini kwenye benchi?"

"Anangoja mtu ambaye si wake." Aliona haya kidogo. "Wewe ni jamwa, Sista. Mtu wa kuja. Wewe huna mtu hapa."

Hakusema kwa ubaya, wallahi. Lakini neno lile nilitoka nalo stoo.

Nilimwingiza mzee chumba cha kufungia vidonda, nikafunga mlango. Hakukaa. Alisimama kama yuko gwarideni, akaanza kuniuliza kwa Kiswahili chake cha jeshini. Baba yangu nani? Mama yangu kabila gani? Sijaolewa na Mjaluo, hata wa Kisumu, hata wa Homa Bay? Dada yangu je? Kila swali nilimjibu sikioni: hapana, hapana, sina.

"Wewe hapana watu hapa kabisa?"

"Sina mtu, mzee. Sina hata mmoja."

"Basi vizuri," akasema, akafungua mshipi.

Maishani mwangu sijawahi kuona mtu akifurahia ukiwa wangu kiasi kile. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikachagua kuvaa glavu.

Juu ya paja, karibu na nyonga, palikuwa na tundu la zamani lenye kingo ngumu, linatoa maji ya manjano. Kipande cha chuma kilikuwa ndani tangu ujana wake. "Hii ya Burma," alisema. "Ilikuwa imelala. Sasa imeamka." Daktari alisimama nje ya mlango, ametupa mgongo, akawa ananiuliza nami namweleza ninachokiona. Akasema kama mfupa umeoza, itabidi hospitali ya Homa Bay, na huko huenda mguu ukakatwa. Nikamfikishia mzee sikioni.

"Homa Bay hapana. Mimi nilitoka Burma na miguu mbili. Nitazikwa na miguu mbili."

Tukapatana: nitamsafisha kila siku na kumdunga sindano, na homa ikimpanda hakuna mjadala tena, ni Homa Bay na msumeno. Alinipigia saluti, suruali ikiwa bado imeshikwa kwa mkono mmoja.

Kuanzia hapo nilimgombeza daktari mpaka akachoka. Nilitaka wazee wawe na wakati wao mchana, kina mama wakishaondoka. Waingie kwa mlango wa nyuma. Asiitwe mtu dirishani. Nitakwenda mwenyewe kwenye benchi, nimguse bega, nimwambie sikioni. Daktari akasema hakuna mahali popote serikalini palipoandikwa hivyo. "Na wapi pameandikwa kiziwi angoje kuitwa jina?" nikamwuliza. Alicheka, akanipa ufunguo wa mlango wa nyuma. Alikuwa kijana mzuri, ila alizaliwa katikati ya wakwe zake.

Wakaja. Mmoja mkojo ulikuwa ukimtoka kwa matone na machozi, amejificha hata kwa mkewe. Tukamwekea mpira na mfuko, akawa anakuja nibadilishe. Mwingine hakuwa na kidonda chochote, alitaka tu kuniambia kwamba akisinzia anasikia mizinga na kwamba amewahi kumkaba koo mtoto wake akidhani ni adui. Waliniambia mambo ambayo hawajayasema tangu washuke melini. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," daktari alikuwa akinitania. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Lakini jioni wao walirudi kwenye maboma yao yenye wajukuu na moshi wa jikoni, nami nikarudi kwa redio. Mtu anakupa siri yake kwa sababu huna wa kumwambia! Hebu fikiria hiyo ni sifa ya namna gani.

Kidonda cha mzee wa koti la kaki kilianza kukauka kingo. Chuma chenyewe kilibaki ndani, lakini maji yalipungua, harufu ikaisha, akawa anatembea bila kujikunja.

Ndipo ikaja Idi. Mke wa mzee alipita asubuhi na maziwa, akanikuta nimevaa gauni jipya, nimepaka wanja, nimekaa peke yangu kitandani na sahani ya tambi. Aliuliza sherehe ni ya nini na wageni wako wapi. Nikamwambia wageni ni mimi. Mama yule aliweka kibuyu chini, akanishika mkono, akanitoa na gauni langu mpaka bomani kwake. Alichinja kuku. Akawaita wakaza wana wake na majirani, akasimama mlangoni, akasema kwa Kijaluo kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisikose: "Huyu si mgeni tena. Huyu ni nyara, yaani binti yangu. Chakula yake iko kwa nyumba yangu. Mtu akimuuliza ni wa nani, aseme ni wetu." Wanawake wakapiga vigelegele. Nililia mpaka wanja ukanifika kidevuni, nikala firigisi ya kuku, kitu ambacho binti hapewi, na wakanicheka kwa kutojua. Sijapata kuwa na siku tamu kama ile tangu nilipotoka kwetu.

Mzee alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba yake. Hakupiga makofi. Aliangalia fimbo yake tu.

Siku iliyofuata hakuja. Wala iliyofuatia. Nilienda kwenye benchi, nikagusa mabega ya wengine, nafasi yake wazi. Nikamwuliza muuguzi msaidizi kama mzee amesafiri.

"Sista," akasema pole pole, "si amekuwa baba yako? Atakufungulia aje suruali?"

Lo! Nilikaa juu ya katoni ya pamba. Mambo yote niliyokuwa nimeyaelewa vizuri sana kwa ajili ya wengine, siku niliyopikiwa kuku nikayasahau kabisa.

Nikabeba beseni, dawa na bandeji, nikaenda. Nilimkuta amelala, paji la uso linawaka, bandeji ni ile ile niliyomfunga kabla ya Idi. Harufu ilikuwa imerudi. Mkewe alisimama mlangoni akijifuta mikono, akaniita nyara, akaniambia nikaribie, nile kwanza. Mzee alipoona nakuja na beseni alivuta blanketi mpaka kifuani, akageukia ukutani.

Nilitamani kuwa na mtu wa kumwuliza. Mama yangu amekufa, redio haijibu. Nikapiga moyo konde, nikasimama pale mlangoni aliposimama mama siku ile, nikasema kwa nguvu, ili mzee asikie na majirani wasikie.

"Mama, mimi si binti yenu. Umenipenda, Mungu akulipe, lakini mimi si wenu. Mimi ni jamwa. Sina mtu hapa."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Mzee ana miguu miwili."

Alielewa. Niliona akielewa, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu hakunibembeleza. Aliingia jikoni akafunga mlango. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasema sikioni kwa mzee: hapana baba, hapana mama, hapana mume, hapana shangazi. Alikuwa akilia kimya, mtu mzima yule, machozi yanaingia kwenye mto.

"Basi, Sista," akasema, akaachia blanketi.

Sikumpeleka Homa Bay. Pengine nilivunja mapatano yetu, lakini nilimpa sindano palepale, nikashinda naye mpaka homa ikateremka. Niliendelea kumsafisha mpaka alipotembea mwenyewe tena hadi kwenye benchi, na tangu hapo alikuwa akija bila kukosa. Mama hakuniletea maziwa tena. Tulipokutana sokoni aliniamkia kwa adabu: "Oyawore, Sista."

Mzee alikufa baada ya misimu kadhaa ya mvua, kifua kilimbana, kidonda kimelala. Alizikwa bomani kwake na miguu yake yote miwili. Nilikwenda. Watu walikuwa wamekaa kwa makundi, mabinti upande wao, wakaza wana upande wao, wakwe mbali chini ya turubai, na kila kundi lina nyumba yake ya kulia chakula. Mama, kichwa amekifunga, aliniona nimesimama njia panda. Akainua mkono. Akasogea kwenye mkeka wa mabinti zake, akapapasa nafasi iliyobaki.

"Nyara," akasema. "Sasa amekwenda. Kuja ukae."

Ng'ambo ya uwanja, wazee wa benchi walikuwa wamekaa wima na fimbo zao, wote wa ukoo ule. Yule wa mfuko wa mkojo alikuwa ananitazama mimi, mkono mmoja ameuweka juu ya koti, pale mfuko ulipofichwa. Kesho yake ilikuwa siku yake ya kubadilishiwa.

Nilimwinamia mama, nikampa pole kwa mikono miwili kama wanavyotoa wageni. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga watu akaniuliza naingia na kundi gani, anitafutie nyumba ya kula. Nikamwambia sina nyumba. Akaniletea kiti, akakiweka peke yake kando ya ua, nikakaa.