Mita Mpya na Ulimi wa Zamani

Juzi, kwenye basi la kwenda mtaa wa Lozells, huku ughaibuni, mbele yangu waliketi mume na mke, Watanzania kwa lafudhi. Mume alikuwa akifungua kifurushi: mita ya kupimia umeme, ya bei rahisi, aliyoiagiza mtandaoni. Kisha akatoa mfukoni betri ya king'ora cha moshi cha nyumbani kwao.

"Wiki nzima kinalia kuwa betri inakwisha," mke alisema. "Si tungenunua betri nyingine tu?"

"Hatuendi kwa kubahatisha. Lazima tupime."

Akagusisha nyaya. Mita ikasoma volti sita, na betri imeandikwa tisa. Akakunja uso, akaigeuza betri akailamba, kama wapimavyo mafundi redio wa kwetu. Ikampiga shoti kidogo.

"Nzima hii. Mita ndiyo mbovu, nairudisha."

"Na king'ora?"

"Nacho kibovu."

Mke akabonyeza kengele ya basi. "Tushuke hapa, pana duka la betri."

Sisi vipimo hatuvikatai. Tunataka tu kipimo kitakachokubaliana nasi, na hicho hakuna haja ya kukiagiza mtandaoni. Kila mtu anacho mdomoni.