Mfarishi wa Kwenda Ujiji

Nyie vijana mtakaoyasoma haya, simu wekeni kando kwanza. Mimi niliishia darasa la nne, na maandishi yangu yanakwenda upande kama mshono wa mwanafunzi, lakini ninachosema nimekiona kwa macho yangu. Someni taratibu. Sitarudia.

Wiki iliyopita niliteremshiwa gunia la pamba kutoka Ziba. Siku hizi pamba naagiza mara moja tu kwa mwaka, maana kazi kubwa hapa kwangu ni sare za shule na mashuka. Wanaotaka mfarishi wa pamba ni wachache; wengi wameridhika na mablanketi ya dukani yanayotoa cheche ukiyakunja. Nikalifungua gunia mdomo, harufu ikanipiga usoni. Ni harufu ya vumbi la jua na mafuta ya mbegu, na ndani yake kuna kitu kama nywele za mtoto aliyecheza nje mchana kutwa. Mafundi wangu wakaendelea na cherehani zao. Mimi nikatafuta kigoda, nikakaa, nikajifanya nakagua pamba.

Nilikuwa na miaka saba, labda minane. Kwetu siku ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Tulikaa Isevya, hapa hapa Tabora, wanawake watatu nyumba moja: bibi yangu Bi Tatu, mama yangu Zainabu, na mimi Hadija, kama mtoto wa umri ule anahesabika mwanamke. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya. Bibi, mzaa mama, ndiye aliyetulisha, kwa cherehani moja ya mguu na mifarishi.

Kwa asiyejua, mfarishi ni nguo mbili za upana wa kitanda, katikati imetandazwa pamba, kisha zinashonwa pamoja mistari mistari ili pamba isikimbilie upande mmoja. Ukifika hapo usidhani umemaliza. Pembeni kote bado kuko wazi, na pamba inachungulia. Sasa unakata utepe, unauzungusha pande zote nne, unaufunga. Utepe huo haukatwi kwa kufuata uzi wa nguo. Unakatwa hanamu, yaani mshazari, ili unyumbulike ukifika konani. Ukiukata wima, kona itakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu, na kila atakayelala kitanda kile atajua fundi wake ni nani. Vidole vyangu vilikuwa vidogo, kwa hiyo kona bibi alinipa mimi. "Kona usiikimbilie," aliniambia. "Iendee kama mshenga anayepeleka posa."

Bibi aliiendesha kazi yake kama jeshi. Mkasi wa nguo haukukata karatasi wala kucha. Mabaki ya kitambaa yalikuwa ya mwenye kitambaa, hata yakiwa madogo kama ulimi wa paka; aliyafunga kifundo akayarudisha. Wala hakumwahidi mteja siku. Alisema, "Ukiwa tayari utasikia," na watu wakaenda zao wameridhika, sijui kwa nini. Nimewahi kujaribu maneno hayo kwa mteja wa siku hizi. Aliniuliza kama nina akili timamu.

Amri yake kubwa ilikuwa hii: mfarishi usiofungwa pembeni hautoki nyumbani. Hata mwenyewe aje na askari. Babu yake bibi alikuwa mpagazi, mtu wa kubeba mizigo ya wafanyabiashara kutoka hapa kwetu mpaka Ujiji kwa miguu, na neno alilowaachia watoto wake ni kwamba mzigo hufungwa nyumbani, haufungwi njiani. Bibi alilishika neno hilo kama dini.

Kiangazi kile wanawake wa Puge walituletea pamba nzuri kuliko ya miaka yote. Bibi hakuiuza. Alitoa sandukuni kitambaa cha maua mekundu cha juu na bafta nyeupe ya upande wa nyuma, akapima upana wa kitanda cha watu wawili.

"Wa nani huu, bibi?"

"Wa mwenyewe."

Nikajua wa nani siku Bi Salama alipoingia. Huyu alikuwa jirani yetu wa nyumba ya Waarabu, mtu mwema, lakini ulimi wake haukuwa na pazia. Aliushika mfarishi, akaupima unene kwa vidole, akamtazama mama na kucheka.

"Haya, Zainabu! Unakwenda kula samaki wa ziwani, migebuka ya Ujiji, sisi huku unatuachia mlenda."

"Salama," bibi akasema, "mtoto yupo."

"Aa, mtoto! Mtoto anajua nini?"

Mtoto alijua. Niliweka sindano chini nikauliza, "Bibi, na mimi nakwenda Ujiji?"

"Shona."

"Bibi, na mimi—"

"Nimesema shona."

Nikamgeukia mama. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na uzi ukakosa tundu mara tatu. Mama yangu, ambaye aliweza kutunga uzi huku anatembea.

Mambo mengine nilikuja kuyaelewa baadaye. Mwanamume wa Ujiji, mfanyabiashara wa dagaa, alikuwa ameleta posa na posa imekubaliwa. Mama alikuwa bado kijana, na watu walisema nyumba ya wanawake watupu ni nyumba isiyo na kitasa. Na desturi ya kwetu ilikuwa kwamba bibi harusi haendi nyumba mpya na mtoto wa nyumba ya zamani. Atangulie kwanza, azoeleke, mtoto atafuata. Hayo yote hayakunifikia. Kilichonifikia ni kwamba mama haendi bila mfarishi wake, na mfarishi hautoki kama haujafungwa. Nikazijumlisha amri za bibi, nikapata ya kwangu: basi usifungwe.

Bibi alizungusha utepe upande wa maua kwa cherehani. Ulibaki kukunjwa nyuma, kwenye bafta, na kumaliziwa. Mara nyingi huo umalizio nao aliupitisha cherehani, lakini safari hii alisema utashonwa kwa mkono. Akatugawia: upande mrefu wa dirishani ni wangu, upande mrefu wa mlangoni ni wa mama. Tukakaa mkekani tukitazamana, mfarishi umetufunika magoti sote wawili. Chini yake nyayo za mama ziligusana na zangu. Zilikuwa baridi, na kisigino chake kimoja kilikuwa na ufa uliokwaruza kidogo. Nikisikia mtu anauliza utoto ni nini, mimi ninachokumbuka ni kile kisigino.

Kila siku, bibi akiingia kuswali adhuhuri na mama akienda bombani, mimi nilifumua. Shibiri moja, siku nyingine shibiri na vidole vinne. Nyuzi nilizozitoa nilizisokota nikazisukumiza kwenye ufa wa ukuta. Wakirudi, wananikuta nimeinama kama mcha Mungu. Nilijiona mjanja kupita sungura.

Wiki ikapita, na ya pili ikaingia. Bi Salama hakunyamaza.

"Bi Tatu, mfarishi huu ni wa Sultani? Bwana harusi ataota mvi huko anangoja!"

"Wanashona kwa mkono," bibi akajibu bila kuinua macho. "Mkono hauna haraka."

"Mkono hauna haraka, lakini mwanamume anayo."

"Basi aje ashone yeye."

Mama alicheka, na mimi nikacheka kwa sababu mama amecheka. Nakumbuka niliwaza kwamba tutakaa hivi hivi mpaka nizeeke.

Asubuhi moja bibi akasema, "Leo Hadija unakwenda Ntalikwa na shangazi yako, kuna karanga za kuchambua." Mama alinisuka nywele, akakaza mpaka macho yakapanda. Akanipaka mafuta usoni, mikononi, miguuni, hata nyuma ya masikio. Alipomaliza akaanza tena upya, usoni, mikononi, miguuni, kama aliyesahau kwamba ameshapaka. Akaniambia, "Usile karanga mbichi nyingi, zitakuuma tumbo." Basi. Hilo ndilo neno aliloniachia.

Nilikwenda nikiimba. Jana yake nilikuwa nimefumua shibiri nzima na nusu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi.

Niliporudi jioni, tumbo linauma kweli, nyumba ilikuwa imefagiwa. Mkeka umekunjwa na kusimamishwa ukutani. Bibi amekaa kwenye cherehani lakini hashoni, mkono wake upo juu ya gurudumu.

"Mama yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Mfarishi haujafungwa!"

"Nimeufunga."

Aliufunga kwa cherehani, pande zote nne, asubuhi moja. Kabla jua halijakaa kichwani ulikuwa umekunjwa, umekwenda stesheni, umepanda treni ya Kigoma pamoja na mama yangu.

Nililia mpaka sauti ikakatika. Bibi hakuninyamazisha wala hakunibembeleza. Aliniambia tu, "Machozi ya mtoto huziba njia ya msafiri. Ndiyo maana hukuambiwa." Nyie mnacheka, lakini watu waliamini hivyo. Kila nyumba mtaani kwetu mtoto alitorokwa: alitumwa chumvi, akapelekwa kwa shangazi, akirudi mtu hayupo. Ilihesabiwa kuwa huruma.

Nilitakiwa kumfuata mama baada ya mwaka. Mwaka ukaleta mimba, mimba ikaleta mtoto, na baada ya huyo akaja mwingine, na mimi nikazidi kuwa mkono wa bibi hata bibi hakuweza kunitoa. Mama alikuja Tabora mara tatu tu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, tukakaa tumetazamana kama abiria waliokutana kiti kimoja. Aliniletea dagaa. Nilikula dagaa wake bila kumtazama. Moyoni mwangu nilikuwa nimeshaamua kwamba aliondoka kwa furaha, akaniacha kama mtu anavyoacha kandambili mlangoni. Sikumuuliza, naye hakusema, na hivyo ndivyo miaka ilivyokwisha.

Alifia Ujiji, mimi nikiwa tayari nina wajukuu. Baada ya arobaini alikuja mdogo wangu wa mama mmoja, Riziki, na mfuko mkubwa.

"Dada, mama alisema huu usigawiwe. Alisema wewe utautia utepe mpya."

Maua mekundu yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Utepe umelika, na kona mbili zimeachia. Sikuugusa mwezi mzima. Siku nilipopata nguvu niliutandaza mezani, nikachukua wembe, nikaanza kuutoa utepe wa zamani.

Sikilizeni jambo la kazi yetu. Sindano ikipita mahali mara moja, nguo hujifunga. Ikipita na kufumuliwa, ikapita tena na kufumuliwa tena, matundu hubaki, hasa yakiwa chini ya utepe ambako jua na sabuni hazifiki. Upande wangu wa dirishani niliukuta kama nilivyouacha: vitundu vya kitoto, vinapanda na kushuka, vimerudiwa shibiri baada ya shibiri. Nilicheka peke yangu mpaka mafundi wakanitazama.

Kisha nikaugeuza mfarishi, nikafungua upande wa mlangoni.

Mkono wa mama naujua. Ulishona mishono midogo, sawasawa, kama punje za mchele zilizopangwa. Na vitundu vyake vilikuwa vimerudiwa, mstari juu ya mstari, mara tatu, mara nne, kutoka kona moja mpaka kona ya pili. Mimi nilifumua shibiri. Yeye alifumua upande mzima. Upande ule mimi sikuwahi kuugusa, na bibi hakuushona ila ile asubuhi ya mwisho, kwa cherehani.

Nilikaa chini.

Kumbe tulikuwa tumekaa mkeka mmoja, nyayo zimegusana chini ya nguo moja, kila mtu anafumua kwa siri na kudhani yuko peke yake. Na bibi je, aliyeweza kuumaliza asubuhi moja, akatupa sindano za mkono na wiki mbili? Mtu aliyeshika nguo tangu utoto wake asione bafta imetobolewa hivyo? Aliona. Alitupa siku alizoweza kutupa, kisha neno lililokwisha kutolewa kwa watu likamlazimisha. Nimemsamehe. Mama ndiye ninayemdai, na yeye ananidai mimi. Sisemi asingekwenda. Ningependa aniambie tu, "Hadija, nakwenda, na sitaki kukuacha." Ningelia siku tatu, nikala, nikanyamaza. Nisingekula dagaa wake nimempa kisogo.

Niliufunga mfarishi ule kwa mkono, pande zote nne, utepe wa hanamu. Siuuzi, msiniulize.

Sasa mwaka huu mkwe wangu Amina amepata kazi Mwanza, na mwanawe wa miaka minne ilibidi abaki kwangu mpaka mama apate chumba. Asubuhi ya safari nikasikia wanapanga jikoni: mtoto apelekwe dukani kununua biskuti, mama atoke kwa mlango wa uani. Niliinuka na mkasi mkononi, sikukumbuka hata kuuweka, nikasimama mlangoni. Amina akaacha begi likaanguka.

"Mama, akiniona atalia," akasema, na yeye mwenyewe tayari analia.

Nikawaita wote, waliokuwa chumbani na waliokuwa kwenye cherehani, nikawaambia: "Katika nyumba hii mtoto hatorokwi. Mwenye safari amkalishe chini, amshike mikono, amwambie anakwenda wapi na nani atabaki naye. Na kama hataki kumwacha, amwambie na hilo. Akilia, aachwe alie mpaka amalize. Na basi likitaka kuondoka, liacheni liondoke."