Samaki Aliyepewa Jina la Egbert

Miezi mitatu baada ya kumzika mumewe, Egbert, Benadeta alipata mgeni. Alikuwa Deodatha, mtafiti wa mawe, binti wa Bukoba anayefanya kazi Dar es Salaam. Alimkuta Benadeta akimenya ndizi nyuma ya nyumba yake, kijijini Nyakakika.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa."

Ndivyo alivyomjibu kila mtu. Hata siku ya mazishi hakulia. Majirani walisema ana moyo mgumu.

Egbert alikuwa mpasua mawe. Mwaka juzi alipasua moja akakuta ndani samaki mzima wa kale aliyegeuka jiwe, miiba na mapezi kama yaliyochorwa kwa kalamu. Habari zikamfikia Deodatha, akaja kulichukua jiwe hilo likachunguzwe. Kisha, Agosti, ukingo wa machimbo uliporomoka ukamfukia Egbert.

"Nimehesabu miiba, meno, hadi magamba," Deodatha akasema. "Hafanani na samaki yeyote anayejulikana. Lazima apewe jina."

"Jina gani?"

"Huwa mawili. La kwanza ni kama la ukoo, analo pamoja na ndugu zake, na tayari lipo. La pili ni lake peke yake. Anayemwandika kitaalamu kwa mara ya kwanza ndiye huchagua. Nataka kuandika *egberti*."

Benadeta akaweka kisu chini. "Hiyo i ya mwisho ni ya nini?"

"Ni Kilatini. Maana yake, wa Egbert."

"Na jiwe?"

"Litabaki makumbusho. Hilo ndilo linalobeba jina. Mtu akibisha miaka mia ijayo, ataliangalia hilohilo. Ila sitaandika usiporidhia."

Benadeta alitafuta furaha moyoni, au hata hasira. Hakukuta kitu.

"Egbert mwenyewe alikuwa hali samaki," akasema. "Andika."

Ilichukua mwaka mzima. Jina halitambuliwi mpaka lichapishwe, na kabla ya hapo wataalamu wengine waliisoma kazi ile na kuihoji. Lilipochapishwa, Deodatha alipiga simu akalisoma. Benadeta akamwomba alirudie, kisha akalitamka mwenyewe polepole. Lilimjia kama jina la mtu wa kijiji kingine.

"Umefurahi, mama?"

"Sijui, mwanangu. Asante."

Kahawa ilikuwa imeanikwa uani, na mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Rwanda. Akainama, akaanza kuizoa.