Kiraka cha Ndani kwenye Jinzi ya Salumu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sindano. Maître Ramazani, fundi mkuu wa karakana ya ushonaji iliyokuwa karibu na stesheni ya treni hapa Kindu, alinitupia suruali ya jinzi iliyochakaa na kuniambia niisome. Nikaigeuza huku na huku nikitafuta maandishi. Kiunoni palikuwa na kipande cha ngozi chenye herufi zilizofutika, nikaanza kuzisoma kwa sauti.

"Siyo ile," alisema. "Nani alivaa hii patalo?"

"Sijui, Maître."

"Basi utaitengeneza namna gani na mwenyewe haumujui?"

Nilikasirika. Nilikuja nimevaa blauzi niliyoishona mwenyewe kwa mkono, nikidhani nitakalishwa kwenye mashini siku hiyo hiyo. Badala yake nilikaa majuma matatu nikisoma suruali za watu. Magoti yote mawili yameisha na vumbi jekundu limeingia kwenye mshono: huyo ni mchimbaji wa madini wa kule Pangi. Makalio yameisha, magoti mazima: huyo ni karani au mzee, mtu wa kukaa. Mguu wa kulia peke yake, upande wa nje, chini kidogo ya goti: huyo anasukuma baiskeli yenye mizigo. Anatembea kushoto kwa baiskeli, na pedali inamgonga pale pale kutoka hapa hadi Kibombo. Maître hakuniruhusu kugusa wembe wa kufumulia mpaka nilipopatia suruali kumi mfululizo.

Mnisamehe nikieleza polepole, lakini vijana wa leo mnanichosha. Mnaniletea jinzi iliyobandikwa kiraka kwa gundi ya viatu, nguo ambayo kesho itapigwa kwenye jiwe na sabuni. Kiraka chenyewe kimekatwa pembe nne, na kila pembe imekwisha kuanza kupasua nguo. Sasa sikilizeni. Kitambaa cha jinzi kina nyuzi za namna mbili. Zile za buluu zinazoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni zinaitwa mtande. Zile nyeupe zinazokatiza zinaitwa mshindio. Mtande ndio unaokufa kwanza, ndiyo maana mnaona weupe kwenye goti, na hapo ndipo pa kuwahi kabla tundu halijafunguka. Unafua kiraka kwanza ili kisije kikajikunja baadaye. Unakikata mviringo, unakizidisha vidole viwili kila upande wa pale palipochoka, na mtande wake unaulaza sawa na mtande wa suruali. Unapiga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda. Halafu unatililia: sindano inakwenda na kurudi ikifuma juu ya uchakavu, na kila mstari unaishia mahali pake, kwa sababu mistari ikiishia pamoja nguo itapasuka hapo hapo.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo Maître alinipigia kelele mpaka likaingia kwenye vidole. Kiraka cha ndani kinalazwa uso wake ukitazama tundu. Siku nguo ya juu itakapokwisha, watu waone uso mzuri wa kitambaa, wasione mgongo wake. Kwake hiyo ilikuwa heshima ya mteja. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, hata siku ambayo sikupaswa.

Kutoka kwa Maître nilihamia foyer, nyumba ya kufundishia akina mama kushona na kupika, chini ya mkuu wake, Madame Directrice. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, hakuvua futi ya kupimia shingoni hata wakati wa kula. Alitaka tufundishe kudarizi maua kwenye vitambaa vya meza. Nilimuuliza ni wanafunzi wetu wangapi walio na meza.

"Mama Sikujua, jinzi si kazi ya foyer," aliniambia. "Hapa tunafundisha mikono safi."

"Ndiyo, Madame Directrice. Lakini bwana zao wanavaa jinzi, na njo ile wanatuletea."

Alinihamishia chumba cha nyuma, karibu na jiko, ambako moshi ulituingia machoni. Nilifundisha viraka humo miaka mingi. Chumba chake cha maua kilikuwa na wanafunzi sita, changu kilijaa mpaka mlangoni. Hakunisamehe kwa hilo, nami sikumsamehe kwa ule moshi.

Vita vilipofika, foyer ilifungwa na viti vyake vikawa kuni. Madame Directrice alikwenda kwa ndugu zake upande wa Lubutu, sikumwona tena. Treni haikuja. Nguo za balo, ile mitumba iliyofungwa kwa mikanda, hazikuja. Watu walibaki na nguo walizokuwa wamevaa siku barabara zilipofungwa, na wote wakakumbuka kwamba Mama Sikujua anajua viraka. Nilifanya kazi nyumbani, barazani, kwa sindano tatu. Uzi niliuchomoa kwenye magunia. Vitambaa vya kiraka nilivikata kwenye mapindo: mtu mrefu akileta suruali yake, anarudishiwa ikiwa imepungua vidole viwili na mimi nina kipande cha kumsaidia mfupi. Walinung'unika, nikawaambia njaa inarefusha miguu.

Mdogo wangu Salumu alikuwa msukuma baiskeli. Alipeleka chumvi na sabuni Kibombo, akarudi na mchele, na mchele huo ndio tuliokula, yeye na mke wake Feza na watoto wao wanne, na mimi. Alikuwa na jinzi moja. Sina haja ya kuwaambia ilikuwa imeisha wapi.

"Yaya," aliniambia, maana mimi ndiye dada yake mkubwa, "fanya nguvu. Kesho asubuhi natoka."

Sikuwa na kipande chochote cha jinzi. Mapindo yalikwisha, na kanga ingedumu kwa pedali siku moja tu. Chini ya godoro langu kulikuwa na kitambaa kimoja kigumu kizuri, kipande cha suruali ya askari niliyoiokota imetupwa kando ya mto, ile ya madoadoa ya kijani na kahawia. Kila mtu alijua kwamba raia hagusi nguo ya jeshi. Aliyekutwa nayo aliitwa mpiganaji wa upande mwingine, na hakuulizwa mara mbili. Nilijiambia kinakaa ndani, nani atakiona. Nikakifua, nikakikata mviringo, nikalaza mtande juu ya mtande. Na vidole vyangu, bila kuniuliza, vikageuza uso wa madoadoa kutazama nje.

Pedali haikungoja. Safari ya kwanza buluu ilipauka. Safari ya pili, wakati wa kurudi, jinzi ikafunguka na madoadoa yakachungulia. Siku ya tatu ya kumngoja, mwenzake wa baiskeli alifika kwangu bila mizigo.

"Walimukamata kwa barrière ya askari," alisema. "Wanasema iko askari, alificha tenue ya jeshi. Wanamupiga kwa nyayo. Mama, mwenye anashikwa na ile nguo, kesho haiko tena."

Feza alikuwa amesimama hapo. Alikaa chini kwenye udongo, akanitazama. Niliogopa, na nilijichukia waziwazi, nawaambia bila aibu. Nikachukua sindano zangu, wembe na kitambaa changu cha kichwa, nikashika njia.

Barrière ilikuwa kamba iliyofungwa kati ya mianzi miwili. Komanda wake alikuwa kijana wa rika la wanafunzi wangu, amekaa juu ya bidoni, dumu tupu la mafuta. Salumu alikuwa amelazwa kwenye majani, mikono nyuma, bado amevaa ile jinzi.

"Kiraka ile njo nani aliweka?" Komanda aliuliza.

"Njo mimi."

"Kwa nini kitambaa ya jeshi?"

"Kwa sababu njo kitambaa yenye ilibakia nguvu, Komanda. Nilikiokota mimi. Kama iko kosa, ni ya vidole vyangu. Yeye hakujua."

Askari mmoja akacheka. Komanda hakucheka, na hakuonekana mtu wa kubadili neno. Hapo nikajikuta nimeuliza swali ambalo lilinikera majuma matatu ya usichana wangu.

"Nani alivaa hii patalo?"

"Unaniuliza mimi?"

"Tazama. Magoti mazima. Askari analala chini, anatambaa, magoti yanaisha. Yako imeisha yote mbili, Komanda, samahani." Alitazama magoti yake. "Makalio mazima, basi huyu hakai. Iliisha mahali moja tu. Lete baiskeli yake, umusukumishe, utaona."

Walimfungua. Nyayo zake zilikuwa zimevimba, akasimama kwa shida, akashika usukani na fimbo ya kusukumia. Akapiga hatua, na pedali ikamgonga juu ya yale madoadoa, katikati kabisa. Hatua nyingine, pale pale. Akazunguka barrière nzima akilia kimya kimya, na kila hatua pedali ilirudi kwenye tundu.

"Fumua," Komanda aliniambia.

Nikafumua kwa wembe mbele yao wote, kitambaa kikatupwa motoni. Palibaki tundu, nami sikuwa na kiraka. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, kitenge cha maua ya njano, nikakikunja mara nne na kukishona, uso ukitazama tundu. Madame Directrice angefurahi kuniona hatimaye nashughulika na maua. Nilipokata uzi, Komanda alinyoosha mguu wake.

"Bado haujaenda, Mama. Na hizi magoti?"

Nikabaki pale siku mbili nikitengeneza magoti ya barrière nzima. Huyo alikuwa mkubwa wangu wa tatu na wa mwisho, na katika wote watatu ni yeye pekee ambaye hakukosoa mishono yangu. Sikupata raha yoyote kwa hilo.

Walipotuachia, nilirudi na Salumu amekaa nyuma ya baiskeli yake mwenyewe, mimi nikisukuma. Feza alimwosha miguu kwa maji ya chumvi, hakunisalimu. Siku nyingi baadaye alinijia barazani, akatazama kazi iliyokuwa mapajani mwangu, akasema: "Wifi, kiraka kile ungekigeuza tu."

Amani iliporudi nilifanya kazi mpaka macho yakakataa, kisha nikatangaza mtaa mzima kwamba nimestaafu. Hakuna aliyesikia. Wananiletea jinzi zinazovutika, ambazo hazishiki kutililiwa, na wananiletea jinzi chafu. Wajukuu wa Salumu wanasema, "Bibi, shona tu haraka, hakuna mwenye ataangalia." Neno hilo linanipandisha damu kuliko gundi.

Juma lililopita alikuja Salumu mwenyewe, na fimbo yake, na kitu amekunja chini ya kwapa.

"Yaya, hii patalo."

"Nimestaafu."

"Njo wewe unaijua."

Nilimwambia jinzi hiyo ingekuwa tambara la kudekia miaka ishirini iliyopita. Nilimwambia ana watoto wanaoweza kumnunulia nyingine. Akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa, kama kawaida yake, akaniwekea nguo mapajani. Nikaisoma, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Mguu wa kulia, maua yangu yamefifia lakini yameshika. Magoti mazima. Nikaigeuza nyuma. Pale buluu ilikuwa imekwisha kabisa, pande zote mbili, nyuzi nyeupe tupu. Nikapapasa tena, polepole, kwa sababu nilitaka kupasoma tena.

"Nani alivaa hii patalo?" nikamuuliza.

"Yaya, si mimi?"

"Ni mzee fulani," nikasema. "Mtu wa kukaa."

Nikamwambia asiinuke, anitungie uzi.