Maandishi Makubwa ya Kache

Kwa miaka tisa Kache Kiti amewapangia madereva safari katika kampuni moja ya malori huko Shimanzi, na kama kuna kontena lililopotea kwa sababu yeye haoni, basi limepotea kimyakimya sana. Kompyuta humsomea skrini sikioni, tena kwa kasi ambayo ukiziazima hedfoni zake utadhani redio imeharibika. Huku anasikiliza, huku anamwambia dereva aliye dirishani amsalimie mkewe.

Programu hiyo ya kusoma skrini peke yake haikuuelewa mfumo wa makontena wa kampuni. Kache ndiye aliyeiandikia skripti, yaani maagizo ya kuielekeza isome wapi: teremka kiasi hiki kutoka juu ya skrini, sogea kulia kiasi hiki, utaipata namba ya lori la kontena lililochaguliwa. Alijifunza mwenyewe chumbani kwake Kuze, na akisifiwa hujifanya hajasikia.

Jumatatu likawekwa toleo jipya la programu, mambo yakaenda mrama. Kwanza skripti zilinyamaza jii. Ken, fundi wa kompyuta wa kampuni, akazihamishia kwenye folda mpya na kuziandaa upya, zikasema. Ila zilisema uongo. Kontena la vigae likapangiwa lori la mchele, na dereva Mung'aro akaligundua kosa akiwa getini.

Meneja, Bwana Zakariya, si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Kache zaidi. Alikuja, akamuuliza hali yake na ya watu wa nyumbani, ndipo akasema kwa upole, "Bi Kache, isipotengemaa kufikia Ijumaa, nitakuweka kwenye simu. Mshahara ni ule ule."

Kache akasema ahsante, akaenda msalani, akalia. Simu mtu yeyote anaweza kupokea. Malori yalikuwa yake.

Hadi Alhamisi mchana yeye na Ken walikuwa wamezipitia skripti mstari kwa mstari, wakililaani toleo jipya. Hazikuwa na kosa. Hata hivyo, kila namba ya lori iliyosomwa ilikuwa ya mstari wa juu yake.

"Ken," akasema Kache, "niambie kweli. Mbali na programu, Jumatatu uligusa nini kingine?"

"Sikugusa kitu, dada. Maandishi tu. Yalikuwa madogo mno, nikayakuza."

"Ukayakuza kwa nini?"

"Ili usiumize..." Ken akakwama.

"Macho," Kache akammalizia.

Maskini Ken, baba mzima wa watoto wawili, alitamani ardhi ipasuke. Kwa wema wake alikuwa amesukuma kila kitu chini kwenye skrini, na skripti zikawa zinapima kule kule kwa zamani. Akayarudisha maandishi kama yalivyokuwa. Kache akabonyeza, akasikiliza mstari wa kwanza, wa pili, hadi wa ishirini. Kila kontena lilikuwa na lori lake. Akamwita Mung'aro aje achukue karatasi zake.

"Nisamehe, dada," Ken akasema. "Nilisahau kwamba huoni."

Kache akazivua hedfoni, ambazo saa za kazi hamvulii mtu.

"Tangu nizaliwe, Ken, hakuna mtu aliyewahi kusahau. Hata mama yangu."